Tupeane uzoefu: Kutunza moyo (hisia na akili) wa mgonjwa mwenye maradhi mazito

Muuguzi wa Zamu:
Wadau, uzi huu ni kwa wanaohudumia watu wenye saratani, moyo uliochoka, figo au mapafu yaliyoharibika. Kila mmoja aweke anachokijua kwa vitendo: kipimo, dozi, hatua na mahali mambo yanapoharibika. "Mpe moyo" peke yake haimsaidii mtu.

Naanza na kosa ninaloliona ndilo kubwa kuliko yote. Mgonjwa akinyamaza na kugeukia ukutani, watu husema ana haki ya kuhuzunika, basi wanamwacha. Huzuni ya kuugua ipo, lakini sonona ni ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, na unatibika. Huzuni huja na kuondoka. Mjukuu akiingia uso unachangamka, na bado kuna jambo analolingojea. Kwenye sonona siku nzima ni ileile, hakuna kinachomfurahisha, anajiona mzigo asiye na thamani, na hali hiyo imefika wiki 2 au zaidi.

Msitegemee kukonda, uchovu na kukosa usingizi, maana hivyo huletwa na maradhi yenyewe. Dodoso la HADS la mwaka 1983 lina maswali 14, 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona, na dalili za mwili ziliachwa nje makusudi. Mkitumia PHQ-9, dodoso jingine la sonona, ambayo alama zake ni 0 hadi 27 na 10 ndipo panapotia shaka, angalieni kwanza maswali mawili ya mwanzo: kukosa hamu ya mambo, na kujisikia mnyonge au bila matumaini. Mtu anaweza kukusanya alama nyingi kwa uchovu, usingizi na chakula tu.

Mfamasia:
Asante dada muuguzi. Kabla ya kumtuliza mtu, fungueni mfuko wake wa dawa.

Maumivu kwanza. Anayeumwa hawezi kupimwa sonona kwa haki. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Dozi ya kulalia inaweza kuwa maradufu ili asiamshwe usiku. Maumivu yakichomoza katikati, huongezwa sehemu moja ya sita ya dozi ya siku nzima: anayekunywa miligramu 10 kila saa 4 anatumia 60 kwa siku, kwa hiyo nyongeza ni 10. Dawa ya kulainisha choo, kama sena au bisakodili, ianze siku hiyohiyo. Mwili huzoea usingizi na kichefuchefu cha mofini, lakini kufunga choo hauzoei, na mtu aliyekaa siku nyingi bila choo hana raha hata umwambie nini.

Metoklopramidi ya kichefuchefu na haloperidoli ya kutuliza akili zinaweza kuleta akathisia, yaani kushindwa kutulia. Mgonjwa anakaa, anasimama, anabadilisha miguu, anasema ndani yake hakutulii. Ukiiona ukadhani ni wasiwasi na kuongeza haloperidoli, unamzidishia mateso. Mwulize daktari kuhusu kuibadilisha dawa. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo inyweshwe asubuhi. Ikinywewa jioni, atakesha na kesho yake atakuwa mkali kwa kila mtu.

Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ya pili. Sertralini huanza kwa miligramu 25 hadi 50, na nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Wengi huacha katika wiki ya kwanza, wakati kichefuchefu kimekuja na nafuu bado. Asiyelala wala kula, mirtazapini ya usiku mara nyingi humfaa zaidi. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti asipewe dawa za sonona za fluoksetini wala paroksetini, kwa kuwa huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu.

Daktari wa Shufaa:
Naongeza hapo. Aliyebadilika ndani ya saa chache au siku moja mbili, msikimbilie kusema ni sonona. Huenda ni deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, ya aina ya kimya: analala mchana, anajibu polepole, jioni anazidi, asubuhi kidogo afadhali. Mwombeni ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Akipotea njiani, tafuteni chanzo: kibofu kilichojaa, choo kigumu, homa, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, kalsiamu iliyopanda, oksijeni ndogo, dawa iliyoanzishwa karibuni. Msimtulize kwa diazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi, kabla hamjatafuta, mara nyingi humchanganya zaidi.

Na tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwili na moyo, isingoje siku za mwisho. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioipata mapema pamoja na matibabu ya saratani walikuwa na maisha bora zaidi na sonona kidogo. Waliishi pia kwa muda wa kati wa miezi 11.6, wenzao waliopata matibabu ya saratani peke yake 8.9.

Mazoezi Tiba:
Kwa anayekosa pumzi: hofu hukaza pumzi, na pumzi ikikaza hofu huongezeka. Mkalishe akiinama mbele kidogo, mikono juu ya meza au mapaja, mabega yashuke. Shika feni ndogo ya mkononi sentimita 15 hivi kutoka usoni, upepo upite puani, mdomoni na kwenye mashavu. Ubaridi huo huamsha neva ya uso, na ubongo hupunguza ile hisia ya kukosa hewa. Avute kwa pua, atoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kosa la kawaida ni watu 6 kumzunguka wakisema "pumua, pumua". Abaki mmoja, apumue naye bila kelele.

Mshauri Nasaha:
Ukimwuliza "unaendeleaje?" atakujibu "naendelea vizuri", kwa sababu umemsalimia. Kaa chini, macho yenu yalingane, uliza: "Leo kinachokusumbua zaidi ni nini?" au "Usiku ukiwa macho, unawaza nini?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mzito, na wengi wetu huuvunja haraka kwa "usijali, utapona". Hapo umemfunga mdomo.

Akisema amechoka na maisha, uliza waziwazi: "Kuna wakati unatamani ulale usiamke? Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga vipi?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kukiwa na mpango, asiachwe peke yake, dawa zote zitunzwe na mtu mwingine, mofini ikiwa ya kwanza, na watoa huduma wajulishwe siku hiyohiyo.

Muuguzi wa Zamu:
Na ndugu wanaosema "asiambiwe"?

Mshauri Nasaha:
Waulize wanachokiogopa, wasikilizwe hadi mwisho, lakini usiwaahidi kudanganya. Kisha mwulize mgonjwa mwenyewe: "Ungependa uelezwe kila kitu, au tuzungumze na mtu utakayemchagua?" Jibu lake ndilo la kufuata, na liulizwe tena baada ya muda. Watu hubadilika.

Kwa mwenye hofu ya kusahauliwa kuna tiba ya heshima ya Harvey Chochinov wa Kanada. Unamrekodi kati ya dakika 30 na 60: mambo anayojivunia, anayotaka watoto wake wayajue, maneno ambayo bado hajayasema. Unayaandika, unayapanga, unarudi kumsomea ndani ya siku chache, kwa sababu huenda nguvu zake zikaisha kabla hujarudi. Anasahihisha mwenyewe, kisha anachagua wa kumpa. Pakiwa na maneno yatakayomwumiza mtu, mwulize kama anataka yabaki vile, kabla nakala haijatoka mikononi mwake.