Alteneta ya Corolla 110: mtumba wa Japani au mpya?

Jamani, naomba ushauri. Nina Corolla 110 ya 1998, na alteneta yake (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) inanisumbua. Juzi usiku taa ya betri iliwaka nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, na joto hili! Fundi alipima: injini ikinguruma, volti 12.1 tu, ilhali zafaa zifike 14 hivi. Brashi za alteneta nilibadilisha mwaka jana. Sasa beringi nayo yalia. Nimezunguka maduka ya spea mjini. Kuna mtumba wa Japani, na kuna mpya za boksi, majina yenyewe sijawahi kuyasikia. Moyo wangu uko kwa mtumba, ila hewa ya chumvi huku haina huruma. Nikiishika mkononi, nikague nini kabla sijatoa pesa? Na kuna aliyesukisha upya waya za ndani za alteneta yake ikadumu?