Utafiti wa uzazi na afya ya familia: tuulipie wenyewe au tungoje mfadhili?

Mleta mada:
Wadau, mapema mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada ya USAID, na mpango wa tafiti za kaya uitwao DHS ukasimama. Ulianza mwaka 1984 na umefika katika nchi zaidi ya 90. Wanawake wanazaa watoto wangapi kwa wastani, wangapi wanafariki kabla ya miaka 5, nani anatumia uzazi wa mpango: majibu mengi tunayonukuu yametoka huko. Sasa nasikia hoja mbili. Moja, tafiti hizi zilikuwa za wafadhili, zikifa na zife. Nyingine, hospitali zina mifumo ya kompyuta, kwa hiyo hakuna haja ya kumtuma mtu nyumba kwa nyumba.

Nazipinga zote mbili. Kila nchi iutengee utafiti huu fungu kwenye bajeti yake, kama inavyofanya kwa sensa.

Rejesta ya kliniki inamhesabu aliyefika kliniki. Mama aliyejifungulia nyumbani, mtoto akafariki siku ya tatu na kuzikwa bila cheti, hayumo. Anayemfuata ni mdadisi wa utafiti wa kaya. Anakaa na mwanamke wa miaka 15 hadi 49 na kumuuliza wana na mabinti anaoishi nao, wanaoishi kwingine, kisha waliofariki. Akijibiwa kwamba hakuna aliyefariki, dodoso linamtaka aulize tena: hata mtoto aliyelia, au aliyejaribu kuvuta pumzi, ingawa aliishi muda mfupi tu? Swali hilo limewekwa makusudi, kwa sababu mtoto aliyeishi saa chache ni rahisi kuachwa nje ya hesabu. Hakuna mfumo wa hospitali unaomuuliza hivyo mama ambaye hajawahi kufika.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:
Bajeti naiunga mkono, ila suala la kuaminika hujaligusa. Ubaya wa mfadhili tunaujua, lakini dodoso lake lilikuwa na kiini kimoja miaka yote. Kenya ilikuwa na wastani wa watoto 6.7 kwa mwanamke katika utafiti wa 1989, na 3.4 katika ule wa 2022. Tunaweza kulinganisha kwa sababu historia ya uzazi iliulizwa kwa namna ileile. Serikali ikijilipia na kujipima yenyewe, halafu vifo vya watoto vikapanda mwaka wa uchaguzi, nani atatangaza?

Mchangiaji wa pili:
Mimi naona tatizo ni faragha. Mgeni anaingia nyumbani kwa mtu anauliza habari za tendo la ndoa, mimba zilizoharibika, hata kama mume anampiga. Fedha zikitoka kwetu badala ya Marekani, aibu inapungua?

Mleta mada:
Ndugu wa pili, aibu hiyo naielewa, na ndiyo maana ridhaa huombwa kabla ya swali la kwanza. Mtu anaweza kuruka swali lolote au kusitisha mahojiano. Sehemu ya ukatili huulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, faraghani, na mtu akiingia mdadisi anatakiwa kuacha. Hata alama za ramani zinazoonyesha mahali kaya zilipohojiwa husogezwa kabla ya data kutolewa, hadi kilomita 2 mjini, na vijijini kwa kawaida hadi 5. Kanuni hizi zina maana pale mdadisi alipofunzwa vizuri na hakimbizwi. Hapo ndipo nataka tusibane matumizi.

Ndugu wa kwanza, hoja yako ndiyo nzito. Ila takwimu haziharibikii kwa wakubwa tu. Mtoto aliyezaliwa karibuni ana kurasa za maswali: chanjo, kunyonya, kuharisha, homa. Mdadisi aliyechoka hushawishika kuurudisha nyuma mwaka wa kuzaliwa ili mtoto atoke nje ya kipindi kinachoulizwa, na kurasa zile zirukwe. Tatizo hili linajulikana, na ripoti za DHS hubeba majedwali ya ubora wa data ambamo pengo la namna hiyo huonekana. Basi sharti langu ni hili: tukilipa wenyewe, majedwali hayo yabaki, na data ghafi isiyo na majina wapewe watafiti wanaoiomba, wakiwemo wasioipenda serikali. Anayetaka kupika namba atalazimika kupika maelfu ya mahojiano yanayokubaliana.

Na tarehe ya kutangaza matokeo iwekwe kisheria kabla wadadisi hawajaingia mtaani, ili asiwepo waziri wa kuikalia ripoti. Mwenye kinga nzuri zaidi ya hiyo ailete, nipo tayari kuisikiliza.