Corolla 110 niliyokaa nayo miaka 14: niuze lilivyo, nilitengeneze kwanza, au nimpe mpwa wangu?

Msafiri110

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari lenyewe. Nimemaliza kuliosha, nikaingia kufuta dashibodi, na nimeshindwa kushuka.

Ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 4A-FE, gia za mkono. Nililichukua likiwa na kilomita 212,000, leo linasoma 386,900. Tumeshapata gari jingine kubwa zaidi kwa ajili ya watoto, na nafasi ya kuegesha nyumbani ni moja tu. Kwa hiyo kuondoka litaondoka. Ninachouliza ni namna gani.

Hali yake: linakula oili, karibu lita moja kila kilomita 1,000. Nikikanyaga mafuta kupanda mlima, wa nyuma yangu anaona moshi wa bluu. Kosa ni langu mwenyewe. Kuna miaka miwili kazi ilinibana, nikawa napitiliza muda wa kumwaga oili, safari nyingine hata kwa kilomita 5,000. Mengine yako vizuri: giaboksi laini, rejeta mpya, mkanda wa taimingi una kilomita 30,000 tu tangu ubadilishwe. Kutu iko sehemu moja, chini ya mlango wa nyuma kushoto. Mfuko wa hewa halina hata mmoja, ABS (ile breki inayozuia tairi kujifunga) halina.

Nina njia tatu kichwani. Kwanza, niuze lilivyo, niseme ukweli wote. Pili, nifanye ovaholi, yaani injini ifunguliwe na vilivyochakaa ndani vibadilishwe, ndipo niuze. Tatu, nimpe mpwa wangu wa miaka 19 aliyepata leseni majuzi, analitamani kweli.

Niwaambie kwa nini nasuasua. Baba alipoanza kupoteza nuru ya macho alikuwa anakaa barazani jioni, na mimi nikikata kona ya mwisho alikuwa ameshajua ni nani. Mkanda wa feni ulikuwa unalia kidogo injini ikipunguza mwendo. Siku moja nikauona umeanza kuchanika, nikaweka mpya. Nikafika nyumbani kimyakimya, nikazima injini, na baba akauliza, "Nani huyo?" Nikamjibu, ni mimi baba. Akasema, "Gari umeliuza?" Kuanzia hapo nikawa napiga honi mara mbili fupi nikifika. Ametutoka mwaka wa nne huu, na mkono bado unakwenda kwenye honi nikifika pale.

Karibuni kwa ushauri.

FundiMkimya

Pole kwa mzee, mkuu.

Kabla ya kuchagua, jua kwanza unachotaka kukitibu. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hilo halina ubishi, lakini inaingia kwa milango miwili. Ukiwasha asubuhi ukatoka moshi mwingi halafu ukakata, au ukitoka kwenye mteremko mrefu ukakanyaga tena mafuta ndipo unatoka, mara nyingi ni sili za valvu, zinazozuia oili isishuke kwenye silinda. Zile ni mpira, zinakauka kwa umri, na fundi anayejua kazi anazibadilisha bila kushusha injini. Ukitoka wakati injini imebeba mzigo, kama unavyoeleza wewe, hapo ringi, zile pete za pistoni, ndizo za kushukiwa.

Peleka ikapimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Ile itakayosoma chini, atie oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, apime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka, kwa sababu ile oili imeziba nafasi kwa muda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo hakichukui hata saa nzima, nacho ndicho kinachotofautisha kazi ndogo na ovaholi.

Lipo na jambo la nne hujalitaja: kutafuta injini iliyotumika. Kwa 110 zinapatikana, ila angalia usiletewe 5A-FE ukaambiwa ni ileile. Kwa nje ukiziweka pamoja zinafanana kama ndugu, ila 4A ina ujazo wa cc 1,587 na 5A ina cc 1,498. Na ukibadilisha injini, namba yake lazima ibadilishwe kwenye kadi. Mnunuzi makini anainama kuangalia namba kabla hajaangalia rangi.

Chapchap

Mkuu, mambo marahisi haya. Weka oili nzito na ile dawa ya kuongezea, moshi unakata wiki mbili tatu. Piga picha, tangaza, uza. Gari lina miaka zaidi ya 25, nani anategemea liwe jipya?

MamaWawili

Chapchap kaka yangu, mimi ndiye niliyenunua gari la namna hiyo. Silitaji lilikotoka. Siku ya kulijaribu lilikuwa safi, injini imeoshwa inang'aa, na nilipofika nilikuta tayari imepashwa moto. Sikujua kuwa hiyo nayo ni dalili ya kuficha ubovu. Wiki ya tatu nilikuwa na watoto wawili nyuma, njiani, moshi umejaa hadi ndani. Nilikuwa nimekopa kwa ajili ya lile gari. Deni nililimaliza mwaka mmoja baada ya gari lenyewe kwenda kwa chuma chakavu.

Msafiri, usifanye hivyo. Gari lililokupeleka kwa baba yako lisiende kumlaza mtu mwingine barabarani.

Na kwa wanaonunua: mwambieni muuzaji asiwashe kabla hamjafika. Wekeni kiganja juu ya boneti kwanza. Likiwa la moto, ombeni siku nyingine.

Chapchap

Dada, nimekuelewa na pole sana. Sikulifikiria kwa upande huo. Nafuta kauli.

BintiChuma

Mimi niongelee njia ya pili, kwa sababu niliipita. Nilikuwa na gari la rika hilohilo, nikafanya ovaholi nikiamini bei itapanda kufidia gharama. Haikupanda. Mnunuzi wa gari la umri huu analipia mwaka, mwonekano, na jinsi linavyowaka mbele yake. Ukimwambia ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, anatikisa kichwa halafu anatoa bei ileile aliyokuja nayo. Hajui fundi wako ni nani na hakuona kazi ikifanyika. Wengine ndio wanaogopa zaidi: kumbe hili lilishafunguliwa!

Ovaholi ina maana kwa mtu atakayelitumia mwenyewe miaka mitano ijayo, akalizoesha taratibu kilomita 1,000 za mwanzo, akamwaga oili ya kwanza mapema. Huyo anakula matunda yake. Kutengeneza ili uuze kesho ni kumlipia mtu usiyemjua.

Vitu vidogo ndivyo vinavyorudisha pesa. Safisha viti vizuri, badilisha taa iliyoungua, futa taa za mbele zilizopauka, shughulikia ile kutu kabla haijatoboa. Injini usiioshe, iache na vumbi lake, aone kama kuna mahali panavuja. Na kama una risiti za miaka yote hiyo, zina thamani kuliko injini mpya. Mimi ningeuza lilivyo.

MzeeRimu

Vijana, nami nina la kwangu. Mimi langu sikuliuza. Nililipenda kama wewe unavyolipenda, nikalifunika turubai nyuma ya nyumba, nikasema nitakuwa naliwasha kila Jumapili. Jumapili ya kwanza niliwasha, ya pili niliwasha. Baada ya miezi kadhaa betri ilikufa, petroli ikageuka ikanuka kama rangi ya ukuta, kalipa za breki zikashika, tairi zikakaa bapa upande uliogusa ardhi. Panya waliingia wakala nyaya. Lilikuwa zima nilipolisimamisha, mwanangu. Nililiua kwa kulitunza.

Nakueleza hili kwa sababu najua njia ya nne inayokunong'oneza, ingawa hukuiandika.

Msafiri110

Mzee wangu, shikamoo. Kweli ilikuwa inaninong'oneza. Jana nilipima kona ya uwani kwa hatua, nione kama litaingia.

FundiMkimya, nimefanya ulivyosema. Kompresheni: silinda ya kwanza 170, ya pili 165, ya tatu 120, ya nne 168. Fundi akatia oili kwenye ya tatu, ikapanda hadi 155. Plagi yake ilitoka nyeusi na imelowa, zile tatu kavu, rangi ya kahawia.

FundiMkimya

Ringi, silinda ya tatu. Injini itaendelea kutembea kama unaangalia kijiti cha oili kila ukijaza mafuta, lakini hakuna dawa ya kumimina itakayoiponya. Andika namba hizo nne kwenye karatasi, ambatanisha na gari. Mnunuzi anayeelewa atakuheshimu, na asiyeelewa atamwuliza fundi wake.

DadaKlachi

Sijaona mtu aliyemsemea mpwa.

Naelewa kumpa wa nyumbani kunatuliza moyo. Gari linabaki kwenye ukoo, utaliona sikukuu. Lakini tazama unampa nani nini. Miaka 19, leseni ya majuzi, gari lisilo na mfuko wa hewa wala ABS. Dereva mzoefu akikutana na dharura kwenye lami yenye maji anajua kuachia breki kidogo tairi zikishajifunga, zipate kushika tena na usukani umtii. Mgeni wa barabara anakanyaga mpaka mwisho, na bila ABS gari linaserereka moja kwa moja hata akikata usukani. Halafu juu yake umpe na injini inayodai oili kila kilomita 1,000. Mimi ni shangazi wa vijana watatu, nawajua. Kile kijiti hatakichomoa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka atasema ni waya.

Kama unataka kumsaidia, sehemu ya pesa ya mauzo iwe mchango wako atakapotafuta lake la miaka ya karibuni. Au mchukue wewe uwe unamfundisha kwenye hilohilo, ukiwa umekaa pembeni, kabla halijaondoka. Gia za mkono kwenye Corolla ya zamani ni shule nzuri sana.

KaraniWaKadi

Nakazia upande wa makaratasi, watu wanauacha mwisho.

Usikubali "tutabadilisha jina baadaye." Kadi ikibaki na jina lako, faini zinakuja kwako, na likigonga mtu utakayetafutwa kwanza ni wewe. Andikeni mkataba wa mauziano: tarehe, saa, kilomita zinazosomeka, namba ya chesisi, namba ya injini, na hali ya gari kama mlivyokubaliana, huo ulaji wa oili ukiwemo. Wote wawili mtie saini, na shahidi. Saa ya makabidhiano ni muhimu, kwa sababu tukio linaweza kutokea siku hiyohiyo jioni.

Pesa ionekane kwenye akaunti yako kwanza, ndipo utoe ufunguo. Picha ya simu inayoonyesha muamala si pesa. Kwenye kulijaribu barabarani, panda nawe.

Kata bima yako siku inayofuata, si kabla.

MamaWawili

Na upekue chini ya viti! Mimi kwenye langu nilikuta kadi ya kliniki ya mtoto wa mtu.

BintiChuma

Na bei usiipandishe kwa ajili ya kumbukumbu, Msafiri. Nasema kwa upendo. Mnunuzi hana baraza lile kichwani mwake.

Msafiri110

Wapendwa, nawaletea mrejesho. Nilichukua siku 19.

Mpwa wangu nilimweleza, akanuna siku mbili. Jumamosi mbili mfululizo nikampeleka uwanjani, akajifunza kuondoka kwenye mwinuko bila kurudi nyuma. Mara ya kwanza lilimzimikia mara sita. Jumamosi ya pili aliondoka bila kutetereka, akaniangalia mimi badala ya barabara, nikampigia kelele, tukacheka.

Nimeuza lilivyo. Tangazo niliandika wazi: lita moja kwa kilomita 1,000, silinda ya tatu 120, kutu mlango wa nyuma kushoto. Waliopiga simu walikuwa wachache, na wengi walikata nilipotaja oili. Aliyenunua ni kijana fundi anayetaka gari la kwake la kwanza, na ana nafasi ya kushusha injini mwenyewe. Alikuja asubuhi, akaweka kiganja juu ya boneti kama alivyosema MamaWawili. Baridi. Akaniomba niwashe, yeye akasimama mbele, akafumba macho akasikiliza. Sikutegemea lile. Nilibaki nimeshika usukani hadi aliponiambia nizime.

Chini ya kiti cha nyuma nilikuta kofia ya baba ya msikitini, ile nyeupe, imejikunja. Tuliitafuta nyumba nzima mwaka ule.

Nilimkabidhi daftari la matengenezo, risiti zote, na dumu la oili lililobaki nusu. Nikamwonyesha kwamba ufunguo unachomoka hata injini ikiwa inaunguruma, asishtuke. Nikamweleza kioo cha upande wa abiria kinataka kusaidiwa kwa mkono kikifika katikati, na kwamba gia ya pili ikiwa ya baridi haipendi haraka. Habari ya honi sikumweleza.

Karani, kadi imebadilishwa jina leo asubuhi. Nakala ya mkataba ninayo.