Matrela ya madramu ya kebo: mpaka afe mtu ndipo inunuliwe pini?

Assalaam aleykum wanajukwaa. Mafundi wa laini, madereva, wasimamizi wa mikataba, na nyinyi wakubwa mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, uzi huu ni wenu. Leo msinitafutie lugha laini.

Kuanzia Fumba mpaka Nungwi, kuanzia Mkoani mpaka Konde, panapochimbwa mtaro wa kebo ya umeme pana trela la dramu, lile gurudumu kubwa la mbao linaloviringishiwa kebo, na mengi ya matrela hayo yamechoka kuliko gari ya ng'ombe. Ukilisogelea unaona nini? Shafti iliyokuja nalo, chuma kinachopita katikati ya dramu, haipo, pametiwa bomba la maji la inchi mbili. Pini ya kufungia mkono unaonyanyua dramu imepotea, pamechomekwa msumari wa inchi sita. Minyororo ya usalama imekwenda kufunga geti la mtu, imebaki kamba ya nailoni. Breki ya dramu imekufa, na mahali pake yupo kijana kashika boriti. Ukiuliza unaambiwa, "Yakhe, mbona linafanya kazi?"

Linafanya kazi mpaka siku litakapoacha.

Tuanze na bomba, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Chukua kebo ya kilo 8 kwa mita. Mita 400 ni kilo 3,200. Ongeza dramu lenyewe la mbao, tuseme kilo 400, unapata 3,600. Uzito huu haupigiwi ramli, umeandikwa ubavuni mwa dramu. Na uwezo wa trela umeandikwa kwenye kibati chake, ikiwa hamjakipaka rangi juu. Sasa tani tatu na nusu mnazining'iniza kwenye bomba lililotengenezwa kupitisha maji! Shafti ya trela ni chuma kizito kilichopigiwa hesabu ya uzito na upana wa dramu. Bomba linapinda katikati, na likishapinda kila mzunguko dramu linapanda na kushuka, mikono ya trela inatikisika, na ncha ya bomba inatambaa kidogo kidogo kutoka kwenye kikalio chake. Tena bomba ni jembamba kuliko tundu la dramu, kwa hiyo linasaga mbao badala ya kukaa kwenye bamba la chuma la katikati. Na kola, pete za chuma za kubana shafti, hamna. Zile kola mbili zenye skrubu, moja kila upande, kazi yake ni kuliweka dramu katikati ya shafti. Zikikosekana dramu linatelezea upande mmoja, linaegemea mkono wa trela, linaanza kujichonga ubavu. Mbao zikilika, mizunguko ya nje ya kebo inaanguka, na hapo kebo mpya imeshaumia kabla haijaonja umeme.

Msumari nao. Mikono ya trela inanyanyuliwa kwa jeki za mafuta. Mafuta hayo yanaruhusiwa kunyanyua, hayaruhusiwi kubeba dramu njiani. Sili, ule mpira unaozuia mafuta ndani ya jeki, ikichoka yanapita polepole na mkono mmoja unashuka kabla ya mwenzake. Ndiyo maana pakawekwa kufuli za chuma. Ukishanyanyua mpaka juu, unachomeka pini pande zote mbili, unashusha mikono kidogo ili uzito ulale juu ya pini, kisha unatia klipu ili pini isiruke. Msumari hauna unene wa pini, unacheza ndani ya tundu, na kila shimo la barabarani linaukata. Pini halisi bei yake haifiki hata mita moja ya hiyo kebo.

Kupakia kwenyewe watu wanakimbilia. Trela lisimame pahala tambarare, likiwa limefungwa kwenye gari, kabari kwenye magurudumu. Kabari nimesema, si jiwe la tumbawe linalovunjika likibanwa. Kwanza kagua dramu: mbavu zimeoza? Zina mchwa? Bolti za kushikilia mbavu zimelegea? Dramu lililokaa nje masika nzima linaweza kuonekana zima na ukiligonga kwa nyundo sauti yake ni ya mbao laini. Hilo usilinyanyue kwa shafti, lihamishieni kebo kwenye dramu jengine. Kisha ng'oa misumari iliyochomoza, pitisha shafti, kaza kola, rudisha trela polepole, na asisimame mtu kati ya dramu na trela wakati wa kurudi nyuma. Nyanyua mikono yote miwili kwa pamoja. Funga pini. Funga na dramu lenyewe lisizunguke, kwa kufuli yake au kwa mnyororo wenye kikazio, maana dramu linalozunguka safarini linajifungua lenyewe. Ncha ya kebo nayo ifungwe ubavuni, na kofia yake ya plastiki iwe imeziba sawasawa. Maji yakiingia mle yanasafiri kwenye nyuzi mita kwa mita, na kebo ya kilovolti 11 au 33 iliyonyweshwa maji haifi siku hiyo. Itakufa baadaye, na mtakuja kusema ni joto.

Na huo mshale uliochorwa ubavuni si pambo. Unaonesha upande wa kubiringishia dramu chini ili mizunguko izidi kukaza. Wakati wa kuvuta kebo, dramu linazunguka kinyume chake. Ukilipakia trelani limegeuzwa, ubavu wa kulia ukawa kushoto, kebo itatoka upande usiotakiwa, na vijana wataikunja kwa nguvu kuielekeza kwenye mtaro. Kebo ya nyaya tatu isikunjwe zaidi ya nusu kipenyo cha duara kilicho sawa na unene wake mara 15, ya waya mmoja mara 20. Yenye unene wa milimita 70 maana yake ni zaidi ya mita moja kutoka katikati ya kona mpaka kwenye kebo. Nendeni mkapime kona mnazopinda kule Mji Mkongwe, kisha mrudi hapa mnijibu.

Kijana na boriti sasa. Breki ya dramu haikuwekwa ili kuvuta kuwe kugumu. Imewekwa ili winchi, mashine inayovuta kebo, ikisimama, dramu nalo lisimame. Bila breki, tani tatu zinaendelea kuzunguka kwa nguvu zao wenyewe, kebo inamwagika chini ya trela, inafanya kitanzi, na winchi ikianza tena kitanzi kinakazwa kikawa kovu la kudumu. Boriti ikinaswa kati ya ubavu wa dramu na chesisi, inamrusha aliyeishika au inamvunja mkono. Pedi za breki zikiisha zinunuliwe, na msizipake grisi ili "zisipige kelele", jamani! Mshika breki awe mmoja, mzoefu, asimame ubavuni nje ya mstari wa kebo, na awe na redio inayosikilizana na mtu wa winchi. Kupigiana miluzi mita 300 barabarani Mwanakwerekwe saa nne asubuhi, nani anasikia?

Na winchi iwe na kipimo cha mvuto. Kebo ya alumini inayovutwa kwa kichwa kilichofungwa kwenye nyaya zenyewe, mwisho ni nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba. Nyaya tatu za milimita za mraba 185 kila mmoja ni nyutoni 16,650, yaani kama tani 1.7. Ya shaba ni 50. Ukiona kebo nzito, tatizo ni roli, vile vigurudumu vinavyobeba kebo, zimepinduka mtaroni au breki imekazwa kupita kiasi. Dawa ni kwenda kutazama. Kuongeza mafuta ya winchi si dawa.

Bado barabara. Tuseme trela tupu ni kilo 1,200, pamoja na mzigo ni 4,800. Mnalifunga nyuma ya pikapu ya dabokebini, wakati pikapu nyingi mwisho wake ni kilo 3,500, tena kwa trela lenye breki. Lisilo na breki ni 750 tu. Kisha mnakwenda nalo kwenye milima ya Pemba. Kwenye mteremko trela ndilo linaloendesha gari. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, ili pini ikikatika ulimi uangukie juu ya minyororo badala ya lami. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye chesisi ya gari, usifungwe kwenye minyororo hiyo hiyo. Na ulimi uwe na uzito kidogo, wengi hufuata asilimia 10 ya uzito wote. Dramu likikaa nyuma sana ulimi unakuwa mwepesi, na trela linaanza kutikisa mkia kila mwendo ukizidi. Ndiyo maana vilevile trela lililobeba halifunguliwi kutoka kwenye gari kabla ya kuwekewa miguu ya nyuma. Linapinduka, ulimi unaruka juu, na kidevu cha mtu kiko hapo hapo.

Nauliza hadharani: nani amepewa kazi ya kuyatunza haya? Jina lake liko wapi kwenye daftari? Daftari lenyewe liko wapi? Siku kebo ikipasuka inaandikwa ripoti kwamba kebo ilikuwa mbovu kutoka kiwandani. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwananchi anakaa gizani, na trela linarudi bohari na bomba lake.

MtuWaWete ameandika:

Umesema kweli tupu mkuu, ila umesahau adui wetu wa kila siku, chumvi. Trela likivuka kwa meli kutoka bandari ya Malindi hapo Unguja mpaka Mkoani linafika limepigwa na maji ya bahari, linaegeshwa, basi. Lioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, chini na juu, na jeki za mafuta zirudishwe ndani zisiachwe zimechomoza, kwa sababu fimbo yake ikishika kutu inachana sili. Beringi za magurudumu zifunguliwe mara moja kwa mwaka hata kama trela halikwenda popote. Osha grisi ya zamani yote, kwa sababu grisi za aina mbili nyengine hazipatani, zinayeyuka zikamwagika. Tia mpya mpaka iingie kati ya vigololi, si kupaka juu kama mkate. Ukikaza nati zungusha gurudumu huku unakaza, kisha ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, tia pini ya kugawanyika mpya. Ikikazwa kwa spana ikaachwa hivyo, beringi inaungua kabla hujatoka Chake. Njiani simama, sogeza kiganja karibu na habu, kitovu cha gurudumu. Ikiwa moja ina moto kuliko wenzake, usiendelee.

Nati za magurudumu nazo zinakazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 160 za mwanzo tangu gurudumu kufunguliwa. Pemba yote haifiki kilomita 70 kwa urefu, kwa hiyo watu hawafikishi hiyo namba siku moja na wanasahau kabisa. Iandikwe ubaoni.

Dereva_Lori ameandika:

Mnatupiga madongo sisi wakati trela tunakabidhiwa hivyo hivyo. Mimi naambiwa vuta. Taa zenyewe nimetia balbu mara ngapi, zinaungua tu. Na matairi kashata zake bado nzima, sioni tatizo.

Mwanzisha uzi ameandika:

Dereva, una haki ya kukataa, na ndiyo hasira yangu kwamba hamkatai. Balbu zinaungua kwa sababu lori lako ni volti 24 na trela lilifungiwa nyaya za pikapu, volti 12. Weka balbu za 24, au kipunguza volti. Zikiwaka hafifu au zikipokezana na indiketa, usiguse balbu, tazama waya wa ethi pale ulipofungwa kwenye chesisi. Una kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi.

Tairi la trela haliishi kwa kashata, linakufa kwa umri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho: 3516 ni wiki ya 35 mwaka 2016. Tairi lililokaa juani bohari miaka yote hiyo, na nyufa ndogo ubavuni, halibebi tani mbili na nusu kila upande. Upepo upimwe asubuhi likiwa baridi.

Laini_Juu ameandika:

Niongeze kwa wanaovuta waya wa juu. Ukivuta waya mtupu karibu na laini yenye umeme, trela lifungwe ethi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, na waya unaotoka upite kwenye roli yenye ethi. Waya huo ukigusa laini, trela zima linakuwa na umeme. Aliye juu ya mkeka wa chuma uliounganishwa na trela asiteremke, aliye chini asilishike. Pazungushiwe kamba, hasa karibu na skuli.

Na hosi za mafuta: ukiona unyevu usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Mafuta yenye mgandamizo yanapenya ngozi kwa tundu dogo lisilotoka hata damu, na mkono unaoza ndani. Tumia kipande cha boksi. Likimpiga mtu, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anasema haumwi, na mwambie daktari ni mafuta ya presha.

Mwanzisha uzi ameandika:

Ahsante. Wakubwa mnaosoma, orodha ya kununua ni fupi: shafti moja ya kipimo cha trela, kola mbili, pini nne na klipu zake, minyororo miwili, pedi za breki, kabari nne. Nitarudi mwezi ujao kuuliza kimenunuliwa kipi. Na yale mabomba ya maji myarudishe kwa mafundi bomba.