Ushauri: vifaa saidizi kwa wanafunzi watatu wenye mahitaji tofauti

Swali – Mwalimu mratibu wa elimu jumuishi

Ndugu walimu na wazazi, naomba ushauri wenu. Tumepata fungu la kuwanunulia vifaa saidizi wanafunzi watatu wa sekondari, na fungu hilo halitarajiwi kurudi karibuni. Wa kwanza haoni kabisa tangu kuzaliwa, wa pili ana uoni hafifu, na wa tatu huvaa vifaa vya kusaidia kusikia lakini bado hupitwa na mengi darasani. Muuzaji ametushauri tununue vishikwambi vya aina moja kwa wote watatu, na wenzangu wengi wameridhika kwa sababu bei hupungua vikinunuliwa kwa pamoja. Mimi sina amani na jambo hilo. Tuanzie wapi?

Jibu – Mwalimu wa elimu maalumu

Mwalimu mwenzangu, wasiwasi wako una msingi. Mtaalamu wa Marekani, Joy Zabala, alibuni utaratibu ujulikanao kama SETT, unaotaka atazamwe kwanza mwanafunzi, kisha mazingira anamosomea, kisha kazi anazotakiwa kuzifanya, na zana ije mwisho. Ukianza na kishikwambi, utajikuta unamtafutia mtoto kazi inayokifaa kifaa.

Kwa huyo asiyeona, andika kazi zake zote za wiki moja, kuanzia kunakili maelezo ya ubaoni hadi kukokotoa hesabu, ndipo utakapoona kwamba hakuna kifaa kimoja kinachozitosheleza. Katika kusoma na kuandika insha, programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, hupatikana bila malipo, na sauti inayokuja nayo husoma hata Kiswahili. Fedha zenu basi zitahitajika kwa kompyuta tu. Hata hivyo, kurasa zilizopigwa picha au kuskaniwa huwa bubu mbele ya programu hiyo mpaka maandishi yake yatambuliwe kwanza, kwa hiyo walimu wa masomo wawe tayari kumpa mafaili yenye maandishi halisi.

Nasisitiza jambo moja: sauti isiachwe iifukuze nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Anayesoma kwa sikio pekee hakutani na tahajia ya neno, wala haoni mabano ya mlinganyo yanafungia wapi. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951 na isiyohitaji umeme, bado ni msaada mkubwa katika hesabu, kwa kuwa mwanafunzi hurudisha vidole juu ya hatua alizokwisha kuziandika.

Kuhusu uoni hafifu, msikimbilie kukuza maandishi. Ukikuza mara nne kwa upana na kwa urefu, skrini hubeba sehemu 1 tu kati ya 16 za ukurasa, na msomaji hupotea njiani. Wapo wanaofaidika zaidi na mwanga uliopangwa vizuri, rangi zinazotofautiana sana, au meza ya kuinamisha.

Jibu – Mzazi wa mtoto mwenye usikivu hafifu

Kifaa cha sikioni hukuza kila sauti, pamoja na kelele za viti, na sauti ya mwalimu hufifia kadiri anavyosogea mbali. Kilichomsaidia mwanangu ni maikrofoni ndogo anayoivaa mwalimu, inayotuma sauti moja kwa moja kwenye vifaa vyake. Kabla ya kununua, hakikisheni kwamba maikrofoni hiyo inaafikiana na vifaa alivyo navyo tayari, na mwalimu azoee kurudia maswali ya wanafunzi wengine, kwa sababu wao hawana maikrofoni.

Jibu – Mhitimu asiyeona

Mwalimu, je, wanafunzi wenyewe wameulizwa? Nilipokuwa shuleni nilinunuliwa kifaa cha kuonyesha nukta nundu, kizuri na cha gharama, lakini hapakuwa na aliyefundishwa kukitumia, kikakaa kabatini mihula miwili. Ombeni kila kifaa kwa majaribio ya wiki kadhaa, kitumike kwa kazi halisi za darasani, na tengeni fedha za mafunzo na matengenezo kabla ya kulipa chochote. Vilevile, ulizeni mapema mamlaka ya mitihani kama kifaa hicho kinaruhusiwa, maana ni mateso kusoma miaka minne kwa njia moja kisha kutahiniwa kwa nyingine.

Aliyeuliza

Nawashukuru sana. Nimekaa nao leo, mmoja mmoja. Asiyeona ameomba kompyuta, lakini ameomba pia asinyang'anywe mashine yake ya nukta nundu. Mwenye usikivu hafifu anataka kujaribu maikrofoni, mradi walimu wote wakubali kuivaa. Mwenye uoni hafifu amenieleza kwamba mwanga wa dirishani humpiga machoni mahali alipoketi tangu mwaka uanze, na kwamba hakuwahi kuulizwa. Tumemhamisha kiti leo hii, na vikuza maandishi tutavijaribu akiwa amekaa hapo alipo sasa.