Naomba ushauri: fonti gani iwe difolti kwenye miongozo ya programu yetu?

Chalii_Njiro: Wakuu, habari za wikiendi. Niko Arusha, ofisi yetu inatengeneza programu ya mahesabu kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa upande wa Moshi. Nimepewa kazi ya kuandaa kiolezo cha LaTeX (programu ya kupanga kurasa kwa kuandika maagizo) ambacho timu nzima itaandikia miongozo. Sehemu ya makatibu imejaa namba za wanachama zenye herufi na tarakimu. Ya mafundi ni amri za kompyuta tupu. Bosi anang'ang'ania Calibri kisa ndiyo aliyoizoea. Mimi natamani niache fonti ya Computer Modern, inakuja na LaTeX yenyewe na ina heshima yake. Mnasemaje?

Bwana_Pambizo: Weka Comic Sans tulale.

Fundi_Kurasa: Mkuu, Calibri ni mali ya Microsoft. Mwenzako mwenye Linux akifungua kiolezo hana hiyo fonti, LuaLaTeX (toleo la LaTeX linalotumia fonti za kwenye kompyuta) inamtupia kosa na kazi inasimama. Kwenye LibreOffice angalau fonti huria ya Carlito ingeziba pengo, maana upana wa herufi zake ni uleule na kurasa hazihami. Difolti ni ile ambayo mtu asiyegusa chochote anapata kazi inayosomeka. Kwa hiyo chagua iliyomo ndani ya TeX Live (kifurushi cha kusakinisha LaTeX na fonti zake), yenye leseni huria. Uzuri uje baadaye.

Mama_Steshenari: Wanangu, fonti sizijui majina, ila nina duka la kutoa kopi hapa Moshi. Kama ni zile herufi za tasnifu za wanafunzi wa hesabu, msithubutu. Vijistari vyake ni vyembamba mno. Hao makatibu hawachapi upya, wanatoa kopi ya kopi, na tona ikiwa inaelekea kuisha "e" inageuka "c". Mteja ananigombeza mimi.

Fundi_Kurasa: Mama kamaliza. Herufi anazosema ndizo Computer Modern. Knuth, aliyeunda TeX ambayo ndiyo msingi wa LaTeX, aliichora akifuata herufi za madini ya risasi zilizochapa vitabu vyake vya mwanzo. Kule wino ulitanuka kidogo kwenye karatasi, mstari ukanenepa. Printa ya leza haikupi unene huo. Latin Modern nayo ni ukoo uleule, usidanganyike na jina. Chukua fonti ya Libertinus, ina mwili zaidi. Hata Typst, programu mpya ya kazi kama ya LaTeX, wanaitumia kama chaguo-msingi.

Dada_Terminal: Mnasahau amri, na huko ndiko watu wanakoumia. Mwandiko wa amri uwe fonti ya Source Code Pro: sifuri ina nukta katikati, na l, I na 1 hazifanani. Namba za wanachama nazo ziandike kwa fonti hiyohiyo. Ipunguze iwe asilimia 90 hivi, la sivyo inaonekana kubwa kuliko maandishi ya pembeni yake. Na kama mnatumia pdfLaTeX (toleo la zamani la LaTeX), pakia upquote, kifurushi kinachonyoosha alama za nukuu kwenye amri. Alama ya ' ikipinda kama ya kwenye "ng'ombe", fundi akiinakili toka PDF kwenda kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), amri inagoma na hajui kwa nini.

Chalii_Njiro: Asanteni sana. Bosi je, nimwambieje?

Dada_Terminal: Usimwambie kitu. Chapa ukurasa mmoja kwa kila fonti, upeleke kwa Mama, atoe kopi ya kopi mara tatu, kisha mpe bosi akusomee namba za wanachama kwa sauti.

Mama_Steshenari: Njoo Jumatatu asubuhi, mchana umeme hautabiriki.