Mliosoma masta ya uhandisi ujenzi kwa kozi za darasani huku mko kazini, tupeane uzoefu

KokotoNusu
Wakuu, habari za jioni. Leo mwanangu kaibua stoo kalkuleta yangu ya zamani, ile Casio iliyopasuka kioo. Kuishika tu tumbo likanicheza. Nikaikumbuka jioni ya mtihani wa strakcha: fremu ya nguzo mbili na boriti, matriki (jedwali la namba) ya kila kiungo sita kwa sita, na kalkuleta inaishia tatu kwa tatu. Nikazidisha kwa mkono kurasa tisa. Dakika kumi za mwisho nagundua alama ya kutoa niliidondosha ukurasa wa PILI. Nimetoka saiti, viatu vina zege, nikalia kimyakimya pale kwenye dawati, mtu mzima na ndevu zangu.

Wanaosema masta ya darasani ni mteremko wako wapi? Wewe ulikwamia wapi?

NyundoMbili
Alama ya kutoa. Mkuu umefukua kaburi langu.

MamaRamani
Darasani wanawake tulikuwa wawili. Vipindi saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, mtoto ana miezi mitano, na foleni ya Ubungo mnaijua. Dada wa kazi anamleta getini, nanyonyesha kwenye gari la mwenzangu, nusu saa ya kwanza ya mekanika ya udongo inanipita. Mlinzi alinizoea mpaka akawa anatuwekea kiti kivulini.

Lakini mtoto hakunitesa. Kilichonitesa ni kazi za kundi. Tuko watano, wanaofanya wawili. Mmoja tulimwita Mheshimiwa, mtu wa halmashauri, anafika na suti siku ya kuwasilisha anauliza "tumefikia wapi?" Na kwenye jalada jina lake ndilo la kwanza!

TaiNyekundu
Dada, hilo kundi ni la usanifu wa barabara? Mkapewa kipande cha kilomita mbili chenye kona mbaya? Kama ndilo, naomba radhi. Suti zilikuwa mbili tu, nilikuwa nabadilisha tai.

MamaRamani
WEWE! Na hela ya kuchapisha ripoti hujanilipa mpaka leo.

TasnifuTupu
Samahani, niseme ukweli mchungu. Masta ya kozi ni diploma iliyorefushwa. Sisi tuliosoma kwa utafiti mtupu ndio tuliolala maabara.

NyundoMbili
Ulitafiti nini mkuu?

TasnifuTupu
Majivu ya pumba za mpunga kama mbadala wa sehemu ya saruji.

NyundoMbili
Wewe na nusu ya wahandisi wa Afrika Mashariki. Nchi nzima ingejengwa kwa pumba sasa hivi. Halafu nani kakwambia wa kozi hatuandiki disatesheni, yaani tasnifu ya mwisho? Mimi kozi nilimaliza 2018, disatesheni ndiyo imenikalia. Vipande vya zege vya kupimwa nguvu siku ya 28 nikavibonda siku ya 41, mashine ilikuwa mbovu. Msimamizi wangu akauliza "hii siku ya 41 umeitoa kwenye kiwango gani?" Nimekaa kimya tangu siku hiyo. Na yeye kakaa kimya.

MrundaWaMkaratusi
Ngoja na mimi niseme. Hili hata mke wangu halijui.

2016, masika. Jengo la ghorofa nne, mimi ndiye mhandisi wa saiti, na saa 11 jioni nina mtihani wa misingi. Mteja kang'ang'ania slabu ya kwanza (sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza) imwagwe siku hiyohiyo kwa sababu kesho yake anasafiri. Tukaanza saa 2 asubuhi. Saa 8 mchana pampu ikafa. Nusu imemwagwa, nusu nondo tupu. Nikamwambia fundi mkuu: simamisha hapo kwenye theluthi ya kati, kati ya boriti na boriti, piga ubao wa wima, tutaunga kesho. Nikadandia bodaboda.

Simu tunaacha mlangoni. Swali la pili: udongo wa kujaza. Nikatiririka kurasa mbili, kwamba kifusi kisichoshindiliwa kikilowa kinatitia ghafla, na kilichokaa juu yake kinashuka nacho. Nje mvua inapiga bati mpaka msimamizi wa mtihani hasikiki.

Natoka saa 2 usiku, simu 23 hazijapokewa. Pampu ilipona saa 11, mteja akasema malizeni, wakamaliza. Sasa mirunda (miti inayoshikilia slabu mbichi kwa chini) ya upande wa nyuma tuliisimamisha juu ya kifusi tulichokijaza wiki ileile, chini yake vibao vidogo kama visosi. Maji yakaingia. Nafika nakuta slabu imebonyea katikati ya nguzo mbili kama kitanda cha kamba. Napima: sentimita sita. Vibarua wote wamesimama barabarani, hakuna anayetaka kusogea.

Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini. Tukaingilia kwa juu, kutokea upande uliokwishakaza, tukachota zege la jioni lote kabla halijakamata. Sepetu, karai, baadaye mitaimbo, taa za pikipiki, mpaka saa 9 usiku. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mshahara ulikatwa miezi mitatu.

Swali la pili nilipata 18 kati ya 20. Mtihani mzima nikapata C, maana swali la nne nililiacha wazi nikiwaza saiti. Kwetu C ni sapu, unarudia mtihani.

BikiraNambari8
Nimesoma huku nimeshika kifua.

SlampuSabini
Chai hii, tangawizi imezidi. Slabu ya kwanza mirunda inasimama juu ya jamvi, sakafu ya zege ya chini. Udongo umetoka wapi?

MrundaWaMkaratusi
Mkuu unajenga wapi wewe? Jamvi wengi wanamwaga mwisho, eti lisichafuke na kupasuliwa na mabomba.

TaiNyekundu
Kweli kabisa. Nimekagua nyingi, jamvi hakuna, mirunda iko kwenye tope.

SlampuSabini
Basi ndiyo maana yanaanguka.

KokotoNusu
Tusifike huko. Lile ghorofa la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 bado halijatutoka.

SlampuSabini
Sawa, nafuta chai. Lakini kumwachia fundi slabu ukaenda mtihani ni kosa, hata ungepata A.

MrundaWaMkaratusi
Kwani nimesema si kosa?

KotiMbili
Mimi nilisoma Uingereza, mwaka mmoja, krediti 180, disatesheni peke yake 60. Sikulala. Nyumbani nilifundishwa BS 8110, kanuni za Kiingereza za usanifu wa zege, nafika kule iliondolewa tangu 2010, kila kitu Eurocode, kanuni za Ulaya. Kazi ya kwanza ya darasani: kokotoa mzigo wa theluji juu ya paa. Mtoto wa Tandika! Theluji nilikuwa naijua ya kwenye friji. Nikaweka sifuri kwa mazoea. Nimerudi bongo na Eurocode yangu, bosi ananiambia "hapa tunatumia BS, kaa chini."

BikiraNambari8
Jamani mimi ndiyo naanza Oktoba. Niache kazi au nisiache?

NyundoMbili
Usiache. Ada inakuja kwa awamu, njaa haina awamu.

MamaRamani
Acha mdogo wangu, hata kwa muhula mmoja, ule wenye fainaiti elementi, zile hesabu za kugawa jengo vipande vidogovidogo.

TaiNyekundu
Usiache, ila tafuta kundi lenye mtu kama MamaRamani.

MamaRamani
Nitakutumia namba ya kulipia. Sijasahau.

TasnifuTupu
Na usidhani masta itakupa usajili wa uhandisi mtaalamu. Bodi ya wahandisi inataka uzoefu wa kazi, ile miaka mitatu ya SEAP (mafunzo ya kazini ya wahandisi wapya) iko palepale.

NyundoMbili
Leo umesema la maana, pumba.

BikiraNambari8
Asanteni, nimechanganyikiwa zaidi. Mkuu KokotoNusu, ile kalkuleta unaiuza?

KokotoNusu
Mtoto kashaifungua kwa bisibisi. Naona matumbo yake mezani hapa.